Kikaratasi cha Jalada la Nyuma

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi watano wa darasa la saba walibaki maktaba kuwachagulia wadogo zao vitabu. Muhula huo walipewa riwaya za kihistoria na kumbukumbu za watu walioandika maisha yao wenyewe. Sheria ya mwalimu wa maktaba ilikuwa moja tu: soma mpaka ukurasa wa mwisho, kisha ujaze kikaratasi kilichobandikwa ndani ya jalada la nyuma. "Nimekisoma. Kinafaa darasa fulani." Halafu jina lako.

Miongoni mwao alikuwemo msichana ambaye shule nzima ilimwita Redio, kwa sababu habari yako ilimfikia yeye kabla hujaisikia mwenyewe. Alipewa kitabu kinene cha muuguzi mstaafu, aliyesimulia utoto wake wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Redio alisoma maneno ya jalada, akajikongoja kurasa kumi, halafu stori za wenzake zikamnogea.

"We, umekimaliza kweli?" rafiki yake alimuuliza.

"Nimekimaliza? Kilibaki kidogo kinimalize mimi!"

Wakacheka. Redio akaandika: "Nimekisoma. Kinafaa darasa la tano. Kinachangamsha." Akatia jina.

Kitabu akakibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Kwao palijaa watu: mama yake aliyekuwa fundi cherehani, vitambaa vyake vikiwa kila kiti, bibi, wajomba wawili wasioacha kubishana, na Njiti wa darasa la tano, mtoto wa mdogo wake mama. Njiti alihamia hapo miezi minne nyuma, baada ya mama yake kufia hospitalini.

"Shika, Njiti. Nimekuchagulia mwenyewe."

"Kina vichekesho?"

"Tele!"

Ijumaa Njiti alikataa chakula. Jumamosi akakataa tena, akalala ameuelekea ukuta. Bibi alimgusa paji la uso, homa hakuna. Wajomba wakazima televisheni. Cherehani nayo ikanyamaza, na nyumba ile ilikuwa haijawahi kunyamaza mchana.

Redio akakaa kando ya kitanda. "Mdogo wangu, una nini?"

"Ulijua," Njiti alisema bila kugeuka. "Umeandika umekisoma. Ukurasa wa sitini mama yake huyo muuguzi anakufa wodini, yeye ametumwa maji. Kama mimi nilivyotumwa chai. Ulijua, ukaniambia kina vichekesho."

Redio akisema alijua, basi ni katili. Akisema hakujua, basi ni mwongo, na jina lake liko pale kwenye kikaratasi.

"Dada," Njiti akanong'ona, "nisingeifuata ile chai, mama asingekufa peke yake."

Redio alikichukua kitabu, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Alikisoma kama mtu anayefukua kifusi akijua kuna mtu chini yake. Wenzake walipita wakimwita, hakuinua kichwa. Ukurasa wa sitini ulimliza. Kwenye wa mia na hamsini msichana wa kitabuni bado alikuwa anajilaumu, na kurasa zilizobaki zilikuwa zinakwisha. Je, kama hakuna kitu humu? Alipofika ukurasa wa mwisho, wa mia mbili na tatu, akasimama ghafla, akakimbilia kwa mama yake na kumwambia yote.

Siku nyingine mama angemfokea mpaka majirani wachungulie. Leo alimtazama tu. "Nenda kamsomee. Kwa sauti. Nakuja."

"Njiti, sikukisoma," Redio alianza. "Nilidanganya. Leo ndiyo nimekisoma chote, na wewe uliishia katikati. Nisikilize kwanza, halafu unichukie."

Akasoma. Yule muuguzi, akiwa mtu mzima, alikutana na mhudumu wa wodi ile ile, akaambiwa kwamba mama yake ndiye aliyeomba mtoto atumwe maji. Hakutaka aone.

Njiti akageuka taratibu. Hakumtazama Redio, alimtazama mama yake Redio aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama mkubwa, na mama yangu je?"

Mama mkubwa akaketi kitandani kama aliyetua mzigo. "Alinishika mkono, akaniambia, 'Dada, mtume mtoto chai, tena aende mbali.' Nikabaki naye mpaka mwisho. Hakuwa peke yake, mwanangu. Miezi yote hii nilijiambia wewe ni mdogo mno kuambiwa. Nisamehe."

Njiti alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Nyumba nzima ikamiminika chumbani. Aliponyamaza, alisema ana njaa, na wajomba wakagombania mwiko.

Jumatatu Redio alikiri mbele ya mwalimu wa maktaba, akingoja kufukuzwa.

"Basi tukiondoe kitabu hiki?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Kizuri. Kilihitaji tu mtu aliyekisoma."

Mwalimu akabandua kikaratasi cha zamani. "Sikiliza, binti. Jina unaloliandika hapa ni ahadi kwa mtoto atakayekifungua akiwa hana mtu wa kumuuliza. Kusema 'sijakisoma' kungekuaibisha dakika moja. Uongo wako umemlaza mwenzako siku mbili na njaa. Kazi usiyoifanya, usiitie jina." Akampa kikaratasi kipya.

Redio akaandika polepole: "Nimekisoma chote. Kinafaa darasa la sita na kuendelea. Ukifika ukurasa wa sitini, kaa karibu na mtu mzima. Usiishie hapo. Fika wa mia mbili na tatu."

Chini yake, kwa ruhusa ya mwalimu, Njiti, aliyekimalizia Jumapili, akaongeza mstari wake: "Nami nimekisoma. Hakina vichekesho."