Bolti za Ngurumo

Kule Uyole, Mbeya, asubuhi ina baridi kali. Tumpe anavaa sweta na soksi mbili mbili. Kisha anatoka uani kumwamkia Ngurumo.

Ngurumo ni gari la Babu. Lina pua ndefu na injini kubwa. Zamani lilinguruma mpaka madirisha ya jirani yakatikisika. Sasa liko kimya, na kuku wanalala ndani.

Mama ni fundi. "Mwaka huu nitalifufua," anasema.

"Nina hamu nilisikie tena," anasema Babu. "Walau mara moja."

Mama anafungua hapa, anafungua pale. Anasugua kutu kwa msasa. Shwa, shwa, shwa.

"Mama, bomba hili linapitisha nini?" anauliza Tumpe.

"Moshi."

"Na waya huu?"

"Umeme wa taa."

"Na hili hapa?"

"Hilo ni jiwe, mwanangu. Linazuia gari lisitembee."

Babu anacheka mpaka anakohoa. "Kuuliza si ujinga," anasema.

Kila bolti inayotoka, Mama anaiweka kwenye kopo lake. Kopo la mlango. Kopo la boneti. Kopo la viti.

Siku moja Mama anakwenda dukani kununua rangi. Tumpe anachungulia makopo. Loo, bolti ni chafu kweli kweli.

Anazimwaga zote kwenye beseni moja. Anaziosha kwa sabuni. Chaka, chaka, chaka. Zinang'aa.

Mama anarudi. Anaangalia makopo matupu. Anaangalia beseni. Anakaa chini, pu!

"Tumpe, za mlango ni zipi?"

Tumpe hajui.

"Na za boneti?"

Hajui pia. Ameziosha, lakini amezichanganya. Je, Babu hatalisikia tena gari lake? Tumpe anaanza kulia.

Mama anamfuta machozi kwa kanga. "Umeziosha vizuri," anasema. "Sasa itabidi tuziulize moja moja."

"Tuziulizeje?"

"Kama unavyomuuliza mgeni aliyepotea."

Tumpe anachukua bolti moja. Anainong'oneza:

"Wewe bolti, kwenu wapi?"

Mlangoni? Haiingii, ni nene. Kitini? Haiingii, ni fupi. Kwenye boneti? Kiri, kiri, kiri. Imeingia.

"Huyu kafika kwao," anasema Mama.

Tumpe anachukua nyingine.

"Wewe bolti, kwenu wapi?"

Kiri, kiri, kiri.

Wanauliza leo. Wanauliza kesho. Mama anaweka breki mpya na taa mpya. Anaweka mikanda ya viti, maana zamani gari halikuwa nayo; bolti zake mpya anazitia kwenye beseni lile lile. Anapaka rangi nyekundu kama nyanya mbivu.

Siku ya kuwasha inafika. Babu amevaa koti lake la sherehe. Ameketi mbele, macho ameyafumba. Mama anashika ufunguo.

Tumpe anachungulia beseni. Kuna bolti moja imebaki.

Babu amengoja sana. Tumpe anamwonea huruma. Lakini bolti iko pale, inamtazama.

"Mama, usiwashe. Kuna mmoja hajafika kwao."

Mama anashuka. Babu naye anashuka, polepole.

"Wewe bolti, kwenu wapi?"

Mlangoni? Hapana. Kwenye boneti? Hapana. Kiti cha Babu? Hapana.

Tumpe anaingia nyuma. Anavuta mkanda wake mpya. Mkanda unakuja wote, mpaka mwisho wake. Chini ya kiti kuna tundu tupu.

"Kwao ni hapa," anasema Tumpe. "Kwenye kiti changu."

Mama anachukua spana. Anakaza bolti kwa nguvu zake zote. Kiri, kiri, kiri, kii! Kisha anamkumbatia Tumpe, hataki kumwachia.

Wote wanapanda tena. Mama anazungusha ufunguo.

Kh, kh, kh. Kimya.

Kh, kh, kh. Kimya.

NGURRRRRRRU!

Kuku wanatawanyika. Babu anaweka mkono kifuani. "Ndilo," anasema. "Ndilo lenyewe."

Na machozi yanamtoka.

Wanazunguka Uyole nzima mpaka jua linazama.

Sasa Tumpe yuko kitandani. Babu anamfunika blanketi.

"Babu, mbona ulilia?"

"Nilifurahi, mjukuu wangu."

"Mtu akifurahi, machozi yanatoka wapi?"

Babu anafikiri. Anakuna kichwa. Anafikiri tena.

"Hilo," anasema, "sijui."

Lakini Tumpe hasikii. Amekwisha lala.