Safu ya "Pamoja na Nani"

Jumamosi asubuhi foleni ya mkate pale Boyle Heights, mtaa wetu sisi Wameksiko jijini Los Angeles, ilikuwa imefika barabarani. Yadira, gauni la njano limempendeza, akakumbana na mwoka mikate aliyejaa unga mpaka viwikoni.

"Kaka, umenichafua!"

"Shukuru ni unga, dada. Ingekuwa sukari, nyuki wangekugombania."

Akacheka, na kicheko hicho kikamponza. Tangu siku hiyo mwoka huyo, Evaristo, alimletea kila jioni mfuko wa koncha, mikate yenye ganda la sukari. Kwetu sisi, ukikataa chakula cha mtu umemkataa mwenyewe. Yadira akawa anakula.

Lakini mama yake alikwishakatwa mguu kwa kisukari, na zahanati ilimwambia binti: wewe umebakiza hatua moja nawe uugue. Hatujasahau! Wakubwa wa serikali walibomoa nyumba zetu wapitishe barabara zao, wauza mboga wakatawanyika, soda zikajaa kila kona. Leo wanatuita walafi.

Yadira hakukaa kulia. Alijiunga na darasa la akina mama la kujikinga na kisukari, pale kanisani. Bi Socorro, mwalimu wao, aliwagawia madaftari: umekula nini, pamoja na nani, ulijisikiaje.

"Hatuandiki ili tujichape," aliwaambia. "Tunataka kujua adui anapitia mlango gani."

Jumanne moja Evaristo alikuta daftari wazi mezani kwa Yadira. Koncha mbili: Evaristo. Koncha tatu: Evaristo. Chini, kwa wino mwekundu: Huyu ndiye mlango.

"Kumbe mimi ndiye ninayekuua?"

"Ngoja, soma safu ya mwisho..."

Evaristo alishatoka. Siku tisa hakupokea simu. Yadira aliendelea kutembea, kupima chakula chake, kuandika: peke yangu, peke yangu. Siku ya kumi simu ikapokewa.

"Usikate! Mama ana mguu mmoja. Mimi nataka kuzeeka na yangu yote miwili, tena nizeeke na wewe. Lakini kama hujui kupenda bila sukari, baki na mikate yako."

Evaristo akauliza kwa sauti ndogo: "Hiyo safu ya mwisho ilisemaje?"

"Furaha. Kila mstari. Ndiyo maana nilishindwa kukataa, mjinga wee."

Kesho yake mchana Evaristo akaja, shati jeupe limenyooshwa, mikononi sufuria ya maharage yasiyo na mafuta ya nguruwe na majani ya mpungate, lile dungusi la miba, yaliyochomwa.

"Nimeyaonja mara nne, mpenzi. Yakikushinda, sema."

"Kaa chini kwanza. Siku hizi sili chakula wima."

Walikula taratibu. Alipomaliza, Evaristo akavuta daftari na penseli. Kwenye safu ya pamoja na nani akajaza kesho: Evaristo. Keshokutwa: Evaristo. Ukurasa ukajaa, akafunua mwingine.

"Wewe! Unalimaliza daftari langu!"

"Likiisha nitanunua jingine. Na jingine. Mpaka tuzeeke na miguu yetu minne. Unasemaje, Yadira?"

Yadira akamnyang'anya penseli, akamwekea kiganjani ile kalamu ya wino mwekundu.

"Penseli inafutika," akasema. "Anza upya."