Onyo Alilolizoea Kuluthum

Kila Alhamisi baada ya alasiri, nyumba ya Kuluthum kule Bondeni ilikuwa tulivu kabisa. Chai ya tangawizi mezani, mlango umerudishwa, naye mbele ya kompyuta yake kuukuu akimsikiliza mumewe. Hafiz alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, lakini sauti yake ilihifadhiwa kwenye tovuti moja ndogo ya kuwekea rekodi: Hafiz akisoma Kurani, Hafiz akicheka, Hafiz akimtania mama yake siku ya Idi. Rekodi mia moja na kumi na mbili. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Sasa, kompyuta yenyewe ilikuwa na kasoro. Kabetri kadogo kanakotunza saa kalikuwa kamekufa, kwa hiyo kila stima zikipotea, tarehe ilirudi mwaka 2009. Na stima zetu mnazijua. Kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kikiangalia tarehe hiyo, kiliona cheti cha usalama cha tovuti kimetolewa siku ambazo bado hazijafika, kikamwekea ukurasa mwekundu: muunganisho huu si salama.

“Mathe, lete nikubadilishie betri,” fundi Micah alimwambia. “Ni dakika tano tu.”

“Nitaleta, inshallah.”

Hakuleta. Akajifunza njia ya mkato: shuka chini, bonyeza “endelea”, kwisha. Binti yake Rumaisa akimkanya, anacheka. “Wewe nawe, Rumaisa! Si ni saa tu imechanganyikiwa?” Na mwaka mzima ilikuwa kweli ni saa tu. Ole wetu, hivyo ndivyo mkono wake ulivyofundishwa.

Alhamisi moja bando la intaneti liliisha. Akaona Wi-Fi ya bure yenye jina la ploti yao. Hakujiuliza ni nani, katika ploti ambayo watu hugombania hadi kamba ya kuanikia nguo, aliyeamka na moyo wa kugawa intaneti. Akaunganisha. Ukurasa mwekundu ukatokea.

Lakini siku hiyo tarehe ilikuwa sahihi, Rumaisa alikuwa ameirekebisha asubuhi. Na maneno yalikuwa mengine: aliyetoa cheti hiki hajulikani. Laiti angesoma! Kidole kilikwenda chenyewe. Ukurasa uliofuata ulikuwa ule ule, rangi ile ile, picha ya Hafiz pale pale pembeni. Ukaomba neno la siri, akaandika.

Sauti ya Hafiz ikaja kama kawaida. Ila Kuluthum alihisi baridi mgongoni, kama kuna mtu anasikiliza pamoja naye. Akajifunga leso, akaenda kufunga dirisha.

Alhamisi iliyofuata rekodi zilikuwa tisini. Kesho yake, arobaini. Jumamosi hapakuwa na hata moja, na neno lake la siri lilikataliwa. Jumapili mama mkwe wake, Bi Shukri, akapiga simu kutoka Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa kule Naivasha.

“Kuluthum, mbona mlinificha?”

“Nini tena, Mama?”

“Hafiz amenipigia. Yuko hai.”

“Mama, Hafiz tulimzika.”

“Mimi nisimjue mwanangu? Ameniita Kidosho, jina analoniita yeye peke yake. Ameniuliza kama maji ya ziwa yamefika mlangoni.”

Kuluthum akakumbuka. Jina hilo lilikuwa ndani ya rekodi ya Idi. “Amekuomba nini?”

“Picha ya kitambulisho na nambari ya siri ya pesa zangu za simu. Nimempa! Ningemnyima vipi?”

Kuluthum na Rumaisa walifika Kihoto mchana huo huo. Akiba ya Bi Shukri kwenye simu ilikuwa imeshafagiwa yote, naye wala habari hana. Alikuwa amedeki sakafu, amepiga pasi kanzu ya marehemu, ameitandaza kitandani.

“Nyanya, huyo si Baba,” Rumaisa alisema akilia. “Ni wezi. Waliiba neno la siri la Mama kwenye ile Wi-Fi ya bure, wakachukua rekodi za Baba, na sasa kompyuta yao inaigiza sauti yake.”

Simu ikaita. Bi Shukri akaipokea kwa spika.

“Kidosho,” sauti ikasema. “Uko na nani hapo?”

Ilikuwa ni Hafiz. Kikohozi chake kile kile, pumzi yake ile ile. Kuluthum, aliyeona kwa macho yake mwenyewe kaburi likifukiwa, akajikuta anafungua mdomo kuitika abee. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akainyakua simu, akaikata.

“Umemuua!” Bi Shukri akapiga ukelele. “Umemuua mwanangu!”

Alikuwa akimwita Kuluthum binti yangu. Tangu siku hiyo hamtaji, na mlango wake hataki aukanyage.

Funzo

Jamani, kivinjari hakikatai cheti kwa ubishi. Kinauliza kama siku zake zimefika na hazijapita, kama jina lililoandikwa ni la tovuti hiyo, na kama aliyekitoa anajulikana. Kosa likiwa kwako, kama saa mbovu, litengeneze leo. Likiwa kwingine, toka, na neno la siri usiandike. Usizoee kulipita onyo bila kulisoma, kwa sababu siku litakaposema kweli utalipita vilevile, na atakayelia huenda ni mama wa mtu.