Shedrack Amekuja Kabla ya Krismasi

Eliaichi alikaa nje ya jiko akimenya ndizi za kupikia supu ya mtori. Jeraha la upasuaji pajani lilikuwa limepona. Mionzi nayo ilikwisha. Saratani yake ilikuwa ya nyama laini ya paja, aina inayowapata watu wachache. Sasa alisubiri majibu ya picha aliyopigwa hospitali kuona kama imekwisha.

Mtu akaingia na begi. Alikuwa Shedrack, mwanawe anayeishi Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

Kisu kilimponyoka Eliaichi. Ilikuwa Juni. Kwao Machame, watoto wa mjini hurudi Krismasi. Wakija kabla, kuna mazishi.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nimekukumbuka tu."

"Umenikumbuka Juni?"

Akasikia panga nyuma ya nyumba. Akachechemea hadi kwenye migomba. Mumewe, Sifael, alikuwa akifyeka kando ya kaburi la mama yake, mahali wanapozikwa watu wa ukoo.

"Baba Shedrack! Hapo unamsafishia nani?"

Sifael akaliweka panga chini.

"Majibu yametoka, mkanificha!" Eliaichi alipaza sauti.

"Hayajatoka! Mungu anaona. Hospitali wako kimya. Nikaogopa, nikamwita mtoto."

"Kumbe mmeshanizika! Na ndizi zenu namenya mimi!"

Jirani yao Elisifa, muuguzi wa zahanati, alisikia kelele akaja mbio.

"Kukaa kimya si jibu," alisema. "Saratani adimu hujadiliwa na madaktari kadhaa, kwa hiyo majibu yanaweza kuchelewa. Mmepiga simu kuuliza?"

"Naogopa," alisema Sifael.

"Kuogopa si kosa. Kumficha mgonjwa ndiko kosa. Ulizeni, na yeye asikie yote. Mkisubiri, afanye kazi ndogo anazoziweza. Akiona uvimbe mpya, maumivu yakizidi, au akipumua kwa shida, msingoje majibu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo."

"Na maombi?" aliuliza Eliaichi.

"Ombeni, Mama Shedrack. Lakini simu pia pigeni."

Eliaichi alipiga mwenyewe. Wote wakasikiliza.

"Madaktari bado wanajadili picha yako," sauti ilisema. "Njoo Jumatano ijayo."

Sasa walikuwa na siku ya kuingoja. Sifael akachuma jani la sale, ambalo kwa Wachagga ni ombi la msamaha. Akampa mkewe kwa mikono miwili. Eliaichi akalipokea.

Jumatano Eliaichi, mumewe na mwanawe waliingia kwa daktari.

"Kwa sasa picha haioneshi uvimbe," alisema daktari. "Utapimwa tena baada ya miezi mitatu."

Sifael alilia. Eliaichi akamgeukia daktari.

"Kwa hiyo tunasubiri tena?"

"Ndiyo, mama. Saratani hii huweza kurudi. Tutaendelea kuichunguza."

Walipofika nyumbani, Eliaichi alikwenda moja kwa moja pale palipofyekwa.

"Chimbeni," alisema.

Sifael alishtuka. "Tuchimbe nini, mke wangu?"

"Shimo la mgomba. Mahali safi hivi pakae bure?"

Sifael alichimba. Shedrack alileta mbolea ya ng'ombe. Eliaichi akausimamisha mche wa mgomba shimoni, akafumba macho.

"Bwana," aliomba, "tunasubiri tena. Safari hii tusubiri wote pamoja."

"Amina," walisema, wakalifukia shimo.