Amani Yake

Mjane alitoka kwenda kununua vifungo, lakini wimbo wake ulibaki dukani.

Fundi aliusikia akiwa ameinamia kola ya sare ya shule. Ulikuwa ule ule wimbo wa kanisani ambao wifi yake huuimba puani kutwa nzima akishona, na sasa ulitoka nyuma ya pazia la kupimia nguo. Akadhani ni mteja. "Nani huko?" Wimbo ukakatika. Ikabaki harufu ya kitambaa kilichoungua, na pasi hata haikuwa imewashwa.

Lazima nikwambie habari za wivu wa huyu fundi, maana haukuwa wivu wa kawaida. Hakumwonea wifi yake gere kwa sura wala kwa wateja. Alimwonea gere kwa usingizi. Marehemu alikuwa kaka yake fundi na mume wa huyu mjane. Walimzika pamoja, wakalia pamoja, wakaweka vyerehani vyao chumba kimoja ili wasaidiane. Lakini mjane alikula, akalala. Machozi yakimjia aliyafuta kwa ukingo wa khanga, akasema, "Mungu yupo hapa hapa, wifi," kisha akaendelea kushona. Fundi, aliyekuwa akikesha akikodolea macho dari, aliona huo ni wizi mtupu. Kaka ni wangu, alijiambia, tumezaliwa tumbo moja, halafu faraja imwendee huyu aliyekuja kuolewa tu?

Basi siku chache kabla ya wimbo ule wa nyuma ya pazia, kwenye maombi nyumbani kwa mwinjilisti, zamu yake ilipofika alisema kwa sauti, "Nipe amani yake." Wote wakaitikia amina, wakidhani anasema amani ya Mungu. Kumbe jicho moja lilikuwa wazi, linamtazama wifi yake. Kilichomwelewa sawasawa hakikuwa kimeketi na wale watu.

Tangu hapo mambo yaligeuka. Mjane, fundi wa mkono ulionyooka, alianza kukosea hata mashati: mikono yote miwili ya upande mmoja. Macho yakamwingia ndani. Wimbo ukamkauka kooni.

"Nimeusahau, wifi," alinong'ona. "Nakumbuka mwanzo tu, halafu kuna mtu anaumalizia kule nyuma ya pazia. Wewe husikii?"

"Sisikii kitu," alisema fundi. Alikuwa anasikia vizuri sana, na kusema kweli alifurahi. Siku hizo alilala fofofo. Mbele ya wateja alimwita mwenzake "maskini wifi yangu", kwa ile sauti tamu ya mtu aliyeshinda.

Kisha ikaja alasiri moja ya mvua, duka halina mteja. Mjane alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani chake, uso umepauka, na fundi akaendelea kushona akitazama dirishani, mpaka alipoona kitambaa cheupe kinaloa wekundu, akainamisha macho na kukuta sindano imepita katikati ya ukucha wake, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na yeye hasikii maumivu hata chembe, wala hofu, wala chochote, akajaribu kumkumbuka kaka yake ili japo alie, akakuta jina tu, sura haipo, sauti haipo, na nyuma ya pazia ule wimbo ukaanza taratibu, ukasogea, pazia likajaa kama limeegemewa na kifua cha mtu, ingawa chini yake hapakuwa na miguu.

"Uliomba yake," sauti ilisema kwa upole. "Imebaki kidogo tu kwake. Nimalizie?"

Fundi akachomoa kidole, akamwendea wifi yake na kumtikisa kwa nguvu. "Wifi! Amka, wifi, usilale! Ni mimi nimekufanyia haya."

Mjane akafungua macho kwa shida. "Umefanya nini?"

"Siku ile ya maombi. Niliomba amani yake."

"Yake nani?"

Pazia likasogea.

"Yake nani, wifi?"

"Yako," alisema fundi. "Nilitaka yako. Nilikuonea wivu mpaka nikatamani ukose."

Mjane akamshika ule mkono wenye damu. "Neno ni hilo hilo," alinong'ona. "Ila umelielekeza kwangu, na mimi sina amani ya kugawa, ninapewa tu. Mwambie Mungu mwenyewe."

Fundi akaupa kisogo uso wa wifi yake, akalipa kisogo na pazia. "Mungu wangu," alisema, "nipe amani yako."

Pete za pazia zililia zote kwa pamoja. Kitambaa kikang'oka, kikaanguka sakafuni kitupu, na ile harufu ikatoka mlangoni kwa kishindo cha upepo. Ndipo kidole kikaanza kumuuma. Kikauma kweli, na nyuma ya maumivu hayo akaja kaka yake mzima mzima, na kicheko chake na ubishi wake, na fundi akalia kama siku ya mazishi. Lakini safari hii hakulia peke yake. Kuna Mmoja alikuwa karibu naye, hakumwona, na hakumtilia shaka.

Pazia walilichoma. Mjane akaurudia wimbo wake, na baada ya muda fundi naye akajikuta anauimba puani, bila kujua.

Juzi kwenye maombi ilifika zamu ya mke wa mwenye nyumba wao, mama mwenye shida zake nyingi. Alivuta pumzi. "Nipe amani yake," alisema.

Watu wakaitikia amina, isipokuwa mafundi wawili. Fundi alifumbua macho haraka. Yule mama alikuwa amefumba jicho moja tu, na lile lililo wazi lilikuwa linamtazama yeye.

Nje ya mlango, kuna mtu alianza kuimba puani.