Sagbo Ameenda Kutafuta Kuni

Asubuhi ile Codjo alikuwa na wageni watano Wafaransa. Kazi yake pale kijijini, nje kidogo ya mji wa Ouidah, ilikuwa kuwatembeza na kuwaeleza mila zetu sisi Wafon, na kwa maneno hakuna aliyemfikia.

Walimkuta mkewe, Afiavi, uani, akiwalisha mapacha wake. Zinsou, wa miaka sita, alikuwa akila mwenyewe. Sagbo alikuwa kisanamu cha mti, kimechomekwa kiunoni mwa mama, kimevikwa kitambaa kilekile cha shati la nduguye. Yeye ndiye hulishwa kwanza, tonge linagusishwa mdomoni.

Mama mmoja mwenye kofia akauliza Sagbo mwenyewe yuko wapi. Codjo akajibu kama tunavyojibu wote: ameenda msituni kutafuta kuni. Atarudi lini? Codjo akaeleza upya, akazungusha maneno. Yule mama akauliza tena, wenzake wakacheka, na Codjo akaona haya.

"Alikufa, mama. Homa. Tulimzika."

Neno hilo la kufa halitamkwi kwa pacha. Codjo alilisema kwa Kifaransa, akijipa moyo kwamba huko msituni Kifaransa hakisikiki.

Afiavi akaweka bakuli chini. "Sema umekosea," akanong'ona. "Sasa hivi, baba Zinsou. Sema yuko msituni."

"Wageni wakishaondoka."

Wageni waliondoka alasiri. Codjo akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya kisanamu, akasema yote yaliyotakiwa kusemwa, kisha akakipa tonge. Likaanguka. Akalirudisha. Likaanguka tena.

Zinsou alikuwa ameacha kucheza. Alikuwa akisikiliza upande wa uani.

"Baba, Sagbo anauliza. Kama si yeye aliyeenda kutafuta kuni, ni nani?"

Codjo alijaribu kucheka.

"Anasema ni zamu yangu."

Walifunga mlango jua likiwa bado linawaka. Afiavi akamfunga mtoto kiunoni kwake kwa kanga, fundo juu ya fundo. Hakulala. Aliapa baadaye kwamba hakufumba hata jicho moja. Kulipopambazuka, mafundo yalikuwa vilevile. Komeo lilikuwa vilevile. Kanga ilikuwa na joto, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Kijiji kizima kiliingia msituni. Hatukuona hata unyayo.

Mwaka uliofuata yule mama mwenye kofia alirudi, na zawadi ya mpira mkononi. Akamkuta Afiavi uani, visanamu viwili kiunoni. Akamuuliza Codjo yule mtoto mzuri yuko wapi.

"Ameenda msituni kutafuta kuni," Codjo akasema, taratibu, kila neno mahali pake.

"Atarudi lini?"

Codjo alikuwa akitazama mlangoni. Pale kizingitini, ambapo walikuwa wamepita muda si mrefu, palikuwa na mizigo miwili ya kuni mbichi, midogo, ya kutosha kichwa cha mtoto, imefungwa kwa vipande vya shati la Zinsou.