Vidonge Havisagwi

Mashine ya kusaga ilianza kunguruma jua likiwa bado halijapanda. Ndani ya chumba kile kila kitu kilikuwa cheupe kwa unga: ukuta, mizani, dirisha, hata kope za Bibi Mashine. Ndivyo wateja walivyomwita, naye jina hilo alilipenda. Akisikia mlio tu, anajua mahindi haya yamekauka au bado yana maji.

"Haya ya nani? Kaanike tena, mwanangu. Utanizibia chekeche!"

"Bibi, yamekaa juani siku nzima!"

"Jua gani, la usiku?"

Foleni nzima ikacheka.

Siku zote mumewe ndiye aliyepokea ndoo na magunia pale mlangoni, akimtania kila mtu. Sasa alikuwa ndani, amelala. Alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini, wakamtoa uvimbe kwenye utumbo mpana. Ilikuwa saratani. Daktari alisema upasuaji umekwenda vizuri. Lakini kuna mbegu za ugonjwa zisizoonekana kwa macho, na huenda zimebaki. Ili zisiote tena, mzee alipewa dawa ya kumeza nyumbani kwa miezi kadhaa: asubuhi na jioni kwa wiki mbili, apumzike wiki moja, kisha aanze tena. Dawa iliitwa kapesitabini. Mzee alisema jina lenyewe linakwama kooni, sembuse vidonge.

Na kweli vilikwama. Vilikuwa vikubwa, na kila mara alitakiwa kumeza kadhaa. Mtu aliyebeba magunia maisha yake yote akashindwa na kidonge! Jioni moja Bibi Mashine alimkuta anakitema kiganjani.

"Baba Watoto! Unatema uhai wako?"

"Siwezi, Mama Watoto. Kinasimama hapa kama mfupa. Basi, niacheni nife na koo langu."

"Hufi ng'o. Si katika nyumba hii."

Bibi Mashine akaingia jikoni. Tangu ujana wake hajaona kigumu kilichokataa kulainika. Akachukua kinu kidogo, akavitwanga vile vidonge mpaka vikawa unga. Akapuliza vumbi la ukingoni, akaukoroga unga ndani ya uji. Mzee akanywa, uso ameukunja.

"Mchungu kama nyongo. Lakini unapita."

Mke wa mwanawe alikuwa na mimba changa. Yeye ndiye aliyeosha kinu na kikombe, tena kwa mikono mitupu. "Mama, wewe ungesaga hata msumari," alisema.

"Niletee tu," akajibu Bibi Mashine. Usiku ule alilala kifua mbele.

Haukupita muda, jirani yao akaja na ndoo ya mahindi. Alikuwa muuguzi, na kazi yake ilikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa saratani katika hospitali ileile. Alipokosa mtu mashineni, akazunguka jikoni, akamkuta Bibi Mashine na mkwewe.

"Shikamoo, mama. Unatwanga nini, iliki?"

"Marahaba, mwanangu. Iliki wapi! Dawa ya mzee wako hii. Nzima haipiti, basi naisaga. Sisi hatushindwi."

Tabasamu la muuguzi likatoweka. "Mama, weka mchi chini, taratibu. Usipulize. Na wewe mdogo wangu mwenye mimba, toka nje upate hewa."

"Kwani kuna nini?" Bibi Mashine aliuliza. "Si dawa tu?"

"Ni dawa kali, mama. Kazi yake ni kuua chembe zinazokua haraka, maana saratani inakua haraka. Lakini haina macho. Mtoto aliye tumboni naye anakua haraka. Kidonge kikiwa kizima, dawa imefungwa humo ndani. Ukikisaga, vumbi linaingia puani, linashika mikononi, linabaki kwenye vyombo. Anayeumwa ni mmoja, lakini dawa mnaipata nyumba nzima."

Bibi Mashine alitazama vidole vyake vyeupe. "Lakini si anakunywa? Si anapona?"

"Anakunywa iliyobaki. Daktari alimpima kilo na urefu ndipo akampangia kiasi chake. Nyingine umeipuliza, nyingine iko kwenye kinu. Kipimo kimepungua, mama."

Neno hilo lilimchoma. Kwa msagaji hakuna aibu kama kuambiwa umepunguza unga wa mtu. Na huyu hakuwa mteja. Alikuwa mumewe.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kesho yake alifunga mashine, akawachukua mumewe na mkwewe mpaka hospitali. Akamweleza daktari kila kitu, hakuficha hata punje.

"Umefanya vizuri kusema, mama," daktari alimwambia. "Wengi wanatuficha, sisi tunabaki kubahatisha."

Mkwe alipelekwa kwa mkunga akapimwa. Mkunga alisema mtoto anaendelea vizuri, ila asikose kliniki, na asiguse tena dawa ile wala vyombo vyake. Mzee naye akafundishwa kumeza. Ale kwanza, kisha ameze ndani ya nusu saa, kwa maji. Aloweshe koo. Aweke kimoja ulimini, anywe, ndipo afuate kingine.

"Na usiinue shingo juu, baba," alisema muuguzi.

Bibi Mashine akaangua kicheko. "Kumbe! Mwenzenu anameza kama kuku anayekunywa maji!"

"Cheka, cheka," mzee alinung'unika. Lakini kidonge kilipita. Cha pili nacho kikapita.

"Siku kikikataa kabisa, tuambieni," alisema muuguzi. "Hospitali itatafuta njia nyingine. Msitafute nyinyi jikoni."

Kinu kile kikatupwa kama walivyoelekezwa. Mzee alivimimina vidonge mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa bila kuvishika, kisha ananawa mikono. Siku aliyosahau kumeza asubuhi, hakumeza mara mbili jioni. Alimeza kiasi chake tu. Akimaliza haja, anafunika choo ndipo anavuta maji, maana mabaki ya dawa hutoka na haja.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzunguko wa tatu wa dawa. Hapo mzee akaanza kuharisha. Mdomo ukatoka vidonda, viganja vikawa vyekundu na kuwaka kama vimeshika makaa. Naye akaficha. Bibi Mashine aligundua kwa kuona anavyokwenda chooni na kurudi, kwenda na kurudi.

"Mara ya ngapi hii?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Leta simu."

"Acha! Zimebaki siku chache tu nimalize duru hii. Mimi sijawahi kutua gunia njiani."

"Baba Watoto, mashine ikipata moto tunafanyaje?"

"Tunaizima."

"Kwa nini?"

"Isiungue."

"Basi nyamaza nipige simu."

Hospitalini walimjibu bila kusita: asimeze dozi ya jioni, aletwe sasa hivi. Alitundikiwa maji, akalazwa. Daktari alisema kama wangengoja siku mbili zaidi, wangekuwa wanazungumza mengine. Mzee aligeukia ukutani.

"Nimeshindwa, daktari?"

"Hujashindwa, baba. Mwili wako umesema kiasi hiki ni kikubwa. Pumzika upone, tutapunguza kidogo, tutaendelea. Ila kuharisha hivi, homa, vidonda mdomoni, maumivu ya kifua, usivivumilie nyumbani. Acha dawa, piga simu, iwe mchana au usiku."

Alipumzika, akairudia dawa kwa kiasi kilichopunguzwa. Kuanzia hapo hakuficha tena. Viganja vikianza kuwaka, anasema. Alivipaka mafuta asubuhi na jioni, mpaka wateja wakamtania kwamba mikono yake imekuwa ya bwana harusi. Mwezi ukafuata mwezi. Mjukuu wa kike akazaliwa, mzima, mwenye sauti ya kushindana na mashine. Na siku ya kidonge cha mwisho ikafika. Mzee alikimeza mbele ya familia nzima, akafungua mdomo waone.

Walipokwenda kusikia majibu ya vipimo, baraza la kungojea hospitalini lilijaa watu. Daktari aliwaambia hakuna dalili ya saratani iliyoonekana. Mzee atarudi kupimwa kwa tarehe atakazopewa, asikose hata moja.

Mzee alitoka mlangoni akifuta macho kwa mkono wa shati, akitaka kupita kimya kimya. Mkewe hakumpa nafasi hiyo. Alisimama katikati ya baraza, akamshika bega.

"Mnamwona huyu?" aliwauliza watu waliokaa kwenye mabenchi. "Mume wangu. Amemeza mpaka cha mwisho!"

"Mama Watoto, punguza sauti. Hapa si mashineni."

"Sipunguzi," alisema Bibi Mashine. "Leo sipunguzi."

Mwanamke mmoja kwenye benchi la mbele, mfuko wa dawa mpya mapajani, akaanza kupiga makofi. Wengine wakamfuata.